Duma wa 1974 na Tembo wa Tabora

Ndugu watazamaji, karibuni tena hapa Tabora. Leo nimeazimwa sarafu niliyoitamani kwa miaka mingi: shilingi 1500 ya dhahabu ya mwaka 1974, toleo la pruufu, yaani iliyogongwa kwa uangalifu maalumu ili ing'ae kama kioo, yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na duma upande wa pili. Ilitolewa katika mfululizo wa uhifadhi wa wanyamapori, pamoja na sarafu za madini ya fedha zenye twiga na faru, ambazo tayari mnazifahamu, kwa hiyo vipimo naviruka.

Tazameni ninavyoiinamisha taratibu mbele ya dirisha. Uwanja, yaani sehemu tupu inayomzunguka duma, umekuwa mweusi kama maji ya kisimani, ilhali mwili wake umebaki na weupe wa ukungu, doa kwa doa. Nikiigeuza kidogo, uwanja ndio unaowaka na duma anakuwa kivuli. Hapa hapana rangi yoyote. Ni mihuri ya chuma ya kugongea sarafu iliyong'arishwa kama kioo isipokuwa penye mchoro, kisha dhahabu ikagongwa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana siitoi kwenye kasha lake. Niliwahi kuuziwa pruufu ya fedha ambayo muuzaji aliishika usoni badala ya ukingoni, na alama ya kidole chake haijatoka hadi leo. Inaniuma kila ninapoitazama.

Kuhusu bei, dhahabu tupu iliyomo ni kama gramu 30, pungufu kidogo ya gramu 31.1 za Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini yenye swala, lakini pruufu hulipiwa zaidi ya dhahabu yake. Mimi ningelipa, kwa sababu swala wa Krugerrand anagongwa tangu 1967 na macho yamekwisha kumzoea.

Hata hivyo, tangu jana nimekuwa nikiitazama picha ya rupia 15 ya mwaka 1916, sarafu ya dhahabu ya enzi za utawala wa Wajerumani hapa kwetu, na moyo wangu umeanza kuhama. Tembo ameinua mkonga mbele ya milima, na chini yake ipo herufi T, yaani Tabora. Iligongwa huku kwetu kwa dhahabu ya karati 18, vita vikiwa vimewazingira Wajerumani, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Haina kioo wala ukungu wa pruufu, lakini tembo yule anatembea.

Mwenye nayo akiniruhusu, wiki ijayo nitamweka tembo huyo mezani kando ya duma, chini ya mwanga huuhuu.