Kitabu kinachojisoma chenyewe: nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za picha

Nilikinunua kwa uvivu, sitaki kudanganya mtu. Ni hivi vitabu vya kurasa ngumu vyenye vitufe pembeni, mtoto akibonyeza inatoka sauti ya mama mmoja anasoma ukurasa wote, nikasema basi nimepona, usiku mtu anasomewa huko na mimi niko zangu na simu. Binti yangu ana miaka mitatu, anayejua umri huo anajua nilichokuwa nakimbia.

Siku mbili za kwanza raha tupu. Picha kali kweli, rangi haijabanduka hata baada ya mdogo wake kutafuna kona, kurasa anafungua mwenyewe bila kuchana. Sauti nayo safi, Kiswahili kimenyooka, sio ile ya roboti. Ila volyumu ziko mbili tu, juu na juu zaidi, alafu kila ukurasa ukiisha unaambiwa "fungua ukurasa unaofuata!" kama vile kuna basi linatuacha.

Siku ya tatu sasa. Kuna ukurasa mbuzi amefika mtoni, maji yamejaa, na kule chini kabisa kwenye majani kuna chura kajibanza ambaye hadithi haimtaji hata kidogo. Mtoto kaweka kidole kwa chura anauliza, huyu anamuogopa mbuzi? Kitabu kinaendelea. Kauliza tena kwa nguvu, kitabu kikamjibu fungua ukurasa unaofuata. Akakigeuza, akachungulia vile vitundu vya spika huko nyuma, kimya, alafu akaniletea mimi.

Nikasoma na mafua yangu. Nikafika pale "mbuzi akaona maji, akanywea", akanikatisha, amekunywa maji yote? Jamani. Ikabidi niweke kitabu chini ninywee mwenyewe, mabega chini, shingo ndani, na yeye akanywea, tukacheka, ukurasa mmoja tukakaa nao labda robo saa na chura tukampa jina. Keshokutwa yake nimemgombeza mdogo wake, huyu anakuja kuniambia "umeona, kanywea". Neno hilo mimi sikumbuki lini mara ya mwisho nimelisema ndani ya nyumba, na hicho ndicho vitabu vinafanya, vinaleta maneno ambayo kwenye "vaa viatu, njoo kula" hayaingii kabisa.

Kumbe hili watu walishalipima. Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake, mwaka 2003, waliwapa watoto wa Marekani wa miezi 9 vipindi 12 vya Kichina, wengine wakiwa na mtu kabisa kakaa nao chini anawasomea vitabu na kucheza nao, wengine video, wengine sauti tupu. Wale wa mtu walishika sauti za ile lugha, wa video na wa sauti hawakuambulia kitu. Na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani tangu 2014 kinashauri wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu wakiwa wachanga kabisa, wazazi jamani, sio spika.

Kwa hiyo kibaya sio kitabu, kibaya ni nilichokitarajia. Kwenye gari au wewe unapika kinasaidia sana, sikatai, na hadithi yenyewe imetungwa na mtu anayejua watoto. Nyota nimekata kwa volyumu, na kwa vile hakuna kitufe cha kusimamisha, ukibonyeza kimeanza ni mpaka mwisho, kitu cha mtoto anayeuliza unakitengenezaje bila kitufe cha kusimama? Mfuniko wa betri una skrubu, hiyo ni nzuri kwa usalama ila tafuteni bisibisi ndogo mapema.

Mimi nimebandika selotepu safu tatu kwenye spika, sa hivi yule mama anasikika kama yuko chumba cha pili. Wanacho pia kisicho na vitufe, picha ni zilezile. Chukueni hicho.