Walipima geti, ardhi hawakuigusa: bwawa langu la faiba Kigamboni

Naanza na hukumu kabisa: kama unakaa pwani na unatamani bwawa la kuogelea la faiba, achana nalo. Huenda nikalegeza mbele ya safari, lakini kwa sasa niacheni na hasira zangu.

Kiwanja changu ni cha mchanga, upepo wa bahari unaingia hadi jikoni. Masika ukichimba shimo hapa, maji yanakukuta kabla hujafika kiunoni. Jirani yangu kamba ya kisima chake haizidi mikono mitatu. Kijana wa kampuni alikuja nadhifu, tepu mkononi. Akapima geti. Akapima njia ya lori, akatazama nyaya za umeme kama kreni itapita. Akaondoka. Hakuchimba hata shimo la kupandia mgomba! Nami nikajiambia, wenye kazi yao wanajua.

Nisiwe mchoyo, mwanzo ilikuwa raha tupu. Linakuja zima kama bakuli, linashushwa, na siku chache baadaye wajukuu wamo ndani. Laini, halichubui magoti. Shoga yangu aliyejenga la zege alikuwa bado anabishana na mafundi wa marumaru.

Masika yakaingia, maji yakageuka kijani. Nikapiga simu, wakamtuma fundi wao wa usafi. Akafunga pampu, akatoa maji yote, akasugua, akasema kesho anarudi kujaza. Usiku mvua ikanyesha ya kukesha.

Alfajiri natoka barazani, bwawa limesimama. Upande wa kina kirefu umepanda hadi usawa wa magoti yangu, vigae vya pembeni vimefumuka kama magamba ya samaki, bomba la chujio limekatika. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, hiyo boti ya nani?"

Kumbe maji ya ndani ndiyo yanayolikandamiza chini, lisisukumwe juu na maji ya ardhini. Langu linabeba kama lita 25,000, yaani tani 25 za uzito, na yule bwana alizimwaga zote mchana mmoja huku ardhi imelowa chepechepe. Likaelea kama mtumbwi.

Msimamizi akaja baada ya simu nisizozihesabu. Miwani ya jua hakuvua, hata shikamoo hakutoa. "Mama, bwawa letu halina kasoro. Kasoro ni kiwanja chako. Na mkataba unasema mteja asitoe maji."

"Baba, maji katoa fundi wenu, kavaa fulana yenye nembo yenu!"

"Yule ni kibarua tu."

Kibarua! Siku ya kupokea pesa alikuwa "mtaalamu wetu".

Mzee mmoja fundi wa mtaani ndiye aliyenifungua macho. Unasimamisha bomba la plastiki la inchi 4 kando ya bwawa, lishuke hadi kwenye kokoto chini ya kitako. Kabla ya kutoa maji unachungulia humo. Ukiona maji, unayavuta kwanza kwa pampu, au unaacha bwawa lilivyo mpaka kiangazi. Basi. Bomba moja! Akaniambia na la zege huelea likiwa tupu, lina uzito zaidi tu, na likipasuka ndipo utajua gharama.

Kwa hiyo ile hukumu ya mwanzo naifuta? Nusu. Faiba yenyewe haikupata ufa hata mmoja, na kwa haki ningeipa alama nzuri. Kiwanja kikiwa juu, pakavu, chukua tu. Bondeni karibu na bahari, dai bomba hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa hata shilingi. Lakini watu hawa siwapi kitu. Kila nikikumbuka ile miwani damu inachemka.

Juzi wamepiga tena. Wanataka kuniuzia la zege kwa punguzo, na kijana atapita kufanya ukaguzi. Nikawauliza, geti si mlishalipima?