Jeli ya adapalene 0.1% (dawa ya chunusi ya kupaka), miezi mitatu sasa

Niliandikiwa na daktari wa ngozi nikainunua kemisti hapa Kongowea, na wiki ya kwanza nilijiharibu mwenyewe manake nilijipaka kama mafuta ya nazi, asubuhi na usiku, uso ukababuka hadi jasho la kwa feri likinigusa nawashwa wallahi. Kumbe ni usiku tu, uso ukauke kwanza, na kiasi cha punje moja ya mbaazi (hizi hizi za mahamri) yatosha uso mzima, mbali na macho na midomo. Mwanzo chunusi zilizidi nikataka kuitupa, wiki ya 12 ndo nikaona tofauti. Mchana sanskrini (krimu ya kukinga jua) lazima, jua la huku mwalijua. Mwenye mimba asiiguse. Bei imeniuma lakini tyubu nyingine nachukua.