Usiku wa sigana Kisumu: walituletea mkalimani, kisha wakamzimia taa

Nimengoja hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, basi naandika nayo.

Juzijuzi, baada ya shamrashamra za wiki ya viziwi ya Septemba, kulikuwa na usiku wa sigana, yaani hadithi za Kijaluo, na ngoma hapa Kisumu. Ukumbi siutaji. Tangazo lilikuwa na picha ya mikono miwili na ahadi kwamba mkalimani wa lugha ya ishara atakuwepo. Mimi masikio yaliniacha nikiwa darasa la tatu, homa ya uti wa mgongo. Wifi yangu alizaliwa kiziwi. Tukalipa mia tano mia tano, tukatoka Kondele jua likiwa bado juu ili tuwahi viti vya mbele.

Mkalimani alikuwepo, hilo sitawanyima. Binti mtaratibu, blauzi ya rangi moja isiyo na maua, kama inavyotakiwa ili mikono ionekane vizuri. Lakini walimsimamisha kando ya spika, nusu nyuma ya nguzo, na msimuliaji alipopanda jukwaani taa zote zikazimwa, ikabaki moja ya kummulika yeye peke yake. Binti wa watu akawa kivuli.

Wengi hudhani lugha yetu ni mikono tu. Uso nao unasema. Nyusi zikipanda, sentensi ileile inageuka swali. Uso ukiwa gizani, umebaki na vidole vinavyopitapita na hujui nani anauliza na nani anajibu. Kijana mmoja mwenzetu akawasha tochi ya simu kummulika mkalimani. Hapo hapo mhudumu wa mlangoni akatujia mbio, akipunga mkono tuzime. Nikamwambia kwa mdomo kwamba hatuoni. Sauti ninayo bado, ila siisikii, na huenda ilitoka kubwa, maana watu waligeuka. Akasema neno. Nikampa simu aandike. Akaandika: "Mama si mko na mtu wenu pale? Mnasumbua watu wamelipa."

Watu wamelipa! Na tiketi yangu nilikuwa nimeishika.

Nimelirudia hilo neno usiku na mchana. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Bungeni imo. Kwenye ukumbi wa mtaani kwetu ni "mtu wenu", anasimama nyuma ya nguzo.

Nilikuwa nimeshanyanyuka twende zetu. Ndipo yule binti akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliacha mahali alipowekwa, akapita pembeni hadi nyuma ya ukumbi, kwenye friji ya soda yenye mlango wa kioo. Akasimama mbele yake ubavu ubavu, mwanga ukamwangukia usoni na mikononi, akatuita. Sote tisa tusiosikia tukageuza viti, tukaligeuzia jukwaa mgongo.

Hadithi ilikuwa ya Simbi Nyaima. Bibi yangu alinisimulia nikiwa bado nasikia: kikongwe anafika kijijini kwenye sherehe, wanamfukuza, mwanamke mmoja tu anampokea, na usiku maji yanakimeza kijiji kizima. Wifi yangu ni mzaliwa wa Kendu Bay. Lile ziwa la Simbi amepita kando yake tangu utotoni, akijua ni maji na heroe. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia chini ya maji kuna kijiji, kwa sababu nyumbani kwao hakuna aliyejua ishara zaidi ya za "kula" na "njoo". Binti alipofika pale maji yanapanda, viganja vikiinuka polepole kutoka kiunoni, kifuani, hadi vikaufunika uso, wifi alinishika goti akalibana mpaka likauma. Kisha akaniuliza kwa mkono mmoja: kwetu? Nikamjibu: kwenu.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani nikafuta yale niliyokuwa nimeandika, kwamba mtu asikanyage pale. Ngoma za ohangla pia zilikuwa tamu. Tulivua viatu, tukaweka viganja kwenye mbao za jukwaa, mdundo ukapanda hadi kwenye meno. Mwishoni tulimpungia binti mikono yote juu, ndiyo makofi yetu, naye akafuta macho.

Lakini kadiri ninavyoandika, ndivyo inavyonirudia. Yule binti alitafsiri karibu saa mbili peke yake. Kazi hiyo hufanywa na wawili wakipokezana kila dakika ishirini hivi, la sivyo mikono na akili vinachoka. Hakuna aliyempokea, wala aliyempelekea hata maji, na alisimama kwenye friji ya vinywaji! Huo usiku mzuri ni yeye aliyetupa, si wao. Wao walitoza pesa na kuzima taa. Basi nyota zote nampa yeye, na waandalizi siwapi hata moja.

Nimewaandikia. Wamejibu kwamba safari ijayo mkalimani atakuwepo tena, tukaribie. Nimewauliza taa yake itakuwa wapi. Naona ujumbe wameusoma. Jibu bado.