Uzoefu wangu: zana ya kiolesura iliyoandika malipo kwenye mstari wa mtu mwingine

"Kaka, niambie ukweli. Hii programu yako inaweza kubadilisha tarakimu yenyewe?"

Aliyeniuliza ni karani wa hesabu, dada aliyeitumia programu yangu kila siku tangu tulipoifunga ofisini kwao. Aliniita pembeni, sauti chini. Asubuhi ile bosi wake alikuwa amemkalisha na kumtaka aeleze kwa nini malipo ya mteja mmoja yameonekana kwa mteja mwingine, tena si mara moja. Nikamjibu bila kusita: haiwezekani. Nikaongeza kwamba huenda alikuwa amechoka. Maneno hayo yananichoma hadi leo, maana iliwezekana, na ilikuwa ikitokea chini ya vidole vyake.

Sisi tunaandika programu za biashara kwa Java: ankara, ghala, mishahara. Tulipoanza toleo jipya nilikuwa nimeichoka Swing, zana ya Java ya kujengea kiolesura (madirisha, vitufe na majedwali anayoyaona mtumiaji), na sura yake ya zamani, kwa hiyo nikaishawishi timu inunue zana nyingine ya kulipia. Niliichagua kwa macho. Wauzaji walituonyesha chati zinazosogea, mandhari ya giza, maandishi makali hata kwenye skrini zile mpya zenye nukta nyingi. Nikapenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akaingiza ankara mia moja mfululizo.

Karani wa hesabu haangalii skrini. Mkono wa kushoto unafunua karatasi, wa kulia uko kwenye tarakimu za pembeni mwa kibodi, macho yako kwenye karatasi. Anaandika kiasi, anabonyeza Enter, anashuka mstari unaofuata. Kwake yeye programu nzima ni lile jedwali. Rangi na menyu anaziona asubuhi akifungua na jioni akifunga.

Sasa hitilafu yenyewe. Jedwali lolote la namna hii lina mipangilio miwili: ule unaoonekana kwenye skrini na ule wa data iliyo nyuma yake. Ukipanga kwa jina la mteja, mstari wa tatu kwenye skrini unaweza kuwa wa mia mbili kwenye data. Kila zana ya maana inajua hivyo. Swing imekuwa na amri ya convertRowIndexToModel tangu Java 6, Qt, zana ya namna hiyohiyo ya lugha ya C++, ina mapToSource kwenye QSortFilterProxyModel, na kazi yake ni hiyo tu, kukuambia mstari huu wa skrini ni upi hasa kwenye data. Hii yetu, mtu alipoanza kuhariri, ilikumbuka namba ya mstari wa skrini na kusahau ni wa nani. Mwenzake chumba cha pili akihifadhi ankara mpya, orodha inajisasisha, inajipanga upya, mistari inashuka hatua moja. Dada anabonyeza Enter. Kiasi kinatua kwa mteja yeyote aliyekuja kukaa pale.

Hakuna onyo lililotokea wala sauti yoyote. Programu ikizimika ghafla mtu anapiga simu, unarekebisha, yanaisha. Hii ilikuwa inaandika uongo kimyakimya, na jumla ya chini ilibaki sahihi, kwa sababu pesa ilikuwa ileile, imehama jina tu! Ndiyo maana tulikaa wiki kadhaa tukimtazama yeye badala ya jedwali.

Nilipoigundua nikatengeneza programu ndogo, kama mistari thelathini ya msimbo, inayoonyesha hitilafu kila ukiiendesha. Nikawatumia watu wa huduma. Tulikuwa tumelipia huduma, si kwamba naomba msaada wa bure. Jibu la kwanza: eti ninagusa skrini kutoka kwenye uzi mwingine, yaani njia nyingine ya kazi ndani ya programu, badala ya ule uliotengwa kwa skrini. Sikuwa nagusa, kila sasisho lilipita kwenye uzi wa skrini kama inavyotakiwa, na kwenye ule mfano wangu ilionekana wazi. Hawakuwa wameufungua. Jibu la pili lilikuja baada ya mimi kusumbua sana: hiyo ni tabia iliyokusudiwa, washauri watumiaji wako wasihariri data inapojisasisha. Nikaomba kuongea na mtu. Yule bwana kwenye simu alinisikiliza nusu, kisha akasema wateja wengine hawajalalamika, labda makarani wangu wanahitaji mafunzo.

Mafunzo! Mtu anayeandika tarakimu kwa miaka bila kutazama vidole, aliyekuwa karibu kupoteza kazi na jina lake, ndiye wa kufundishwa, na jedwali lao liachwe lilivyo. Sikumjibu. Nilikata simu kwa sababu nisingeweza kuongea kwa heshima.

Kwa haki niseme jambo moja. Kwenye nyaraka zao, ndani kabisa ya ukurasa wa kupanga data, kuna sentensi inayoshauri kuzima upangaji wa papo hapo wakati wa kuhariri. Sikuwa nimeisoma. Nilipoiona hasira ikapungua, nikajiambia basi na mimi nina sehemu yangu. Kisha ikarudi mara mbili. Kama mlijua ni hatari, kwa nini jedwali linakuja likiwa limewashwa hivyo tangu mwanzo? Kwenye TableRowSorter, kipangaji mistari cha Swing, ni kinyume: thamani ya mstari uliopo ikibadilika, mistari haijipangi upya mpaka wewe mwenyewe utake kwa amri ya setSortsOnUpdates. Nililirudia jaribio lilelile kwenye JTable, jedwali la Swing, upangaji ukiwa umewashwa. Mstari uliokuwa unahaririwa ulihama, na kisanduku cha kuandikia kikaufuata. Zana niliyoidharau kwa sura yake, iliyokuwepo tangu Java 1.2 mwaka 1998, ilikuwa na adabu hiyo.

Basi tukaliandika upya jedwali kwa Swing. Nilizitazama nyingine pia, lakini si kwa muda mrefu. JavaFX, zana nyingine ya Java, ni nzuri, ila iliondolewa kwenye JDK (kifurushi cha Java cha waandishi wa programu) kuanzia Java 11 mwaka 2018 na sasa unaibeba mwenyewe, na sisi tulikuwa na hofu ya kubeba kitu kingine tena. Electron, inayojenga programu kwa teknolojia za wavuti, ni nzito, inakuja na kivinjari kizima cha Chromium ndani yake, na kompyuta za makarani ndizo huwa za mwisho kubadilishwa. Qt ningeichukua kama tungekuwa tunaandika C++. Imepita mikono kadhaa, Trolltech ya Norway, Nokia mwaka 2008, kisha Digia, na bado ipo hai, jambo ambalo kwa programu ya biashara ni kubwa kuliko chati yoyote. Waulize waliojenga juu ya Silverlight, zana ya Microsoft iliyoachwa.

Nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilikusudia moja. Lakini sehemu yao ya kuchapisha ni bora kuliko yoyote niliyowahi kushika: ankara inatoka vilevile kama ilivyo kwenye skrini, mistari haikatiki kati ya kurasa mbili. Bado tunaitumia kwa ripoti. Hiyo peke yake inastahili nne. Halafu namkumbuka yule bwana wa simu, nashindwa kutoa hata hiyo moja.

Majuzi wamenitumia ukumbusho wa kulipia leseni upya, pamoja na orodha ya mabadiliko ya toleo jipya. Katikati ya orodha, mstari mmoja: uhariri wakati wa kupanga umeboreshwa. Hakuna neno la samahani, wala jibu kwenye malalamiko yangu, ambayo yamefungwa zamani. Nimeujaribu mfano wangu wa mistari thelathini kwenye toleo hilo. Tarakimu inabaki kwa mwenyewe. Kwa hiyo anayeanza leo siwezi kumwambia asinunue, itakuwa si kweli. Alifungue jedwali kwanza, alipange, amwite mwenzake aongeze mstari huku yeye anaandika, ndipo aamue.

Bosi wa yule dada nilimwendea mwenyewe na ule mfano. Nikaandika kiasi, nikabonyeza Enter, kikaruka. Akaomba nirudie, nikarudia mara tatu. Alimwomba dada radhi mbele yangu, na mimi nikamwomba radhi yangu. Akasema yameisha. Lakini hadi sasa ana daftari pembeni mwa kibodi, anaandika kwa kalamu kila malipo kabla ya kuyaingiza, na mimi sijapata ujasiri wa kumwambia aache.