Jini ya Kununua kwa Kokteli ya Pasheni: Ipi Kwanza, Ipi Mwisho

Kokteli tunayoilenga hapa ni nyepesi: jini, maji ya pasheni, ndimu, shira kidogo, barafu ya kutosha na maji ya soda juu. Katika kinywaji cha aina hii pasheni ndiyo mwenye nyumba. Harufu yake ni kali na uchachu wake haujifichi, kwa hiyo chupa inayofaa si lazima iwe ile ya bei kubwa kwenye rafu ya juu. Inayofaa ni jini kavu, isiyo na sukari, yenye harufu inayosikika ya juniperi, yaani kitunda kidogo kinachoipa jini ladha yake, ikiwezekana na maganda ya limau au chungwa ndani yake, na yenye nguvu ya asilimia 40 au karibu na hapo. Tumezipanga kwa kigezo hicho peke yake. Chupa iliyo chini kwenye orodha hii yaweza kuwa nzuri sana kwa kinywaji kingine.

Kabla ya kulipa, soma lebo

Maneno "London Dry" yanaeleza namna jini ilivyotengenezwa, si mji ilikotoka. Kwa sheria za Ulaya, jini ya jina hilo lazima ipate ladha yake yote kutokana na mimea iliyopikwa pamoja na pombe kwenye mtambo. Sukari haitakiwi kuzidi gramu 0.1 kwa lita, na rangi hairuhusiwi. Jini isiyo na maneno hayo inaweza kutiwa ladha baadaye, na mara nyingi harufu yake hupotea mara tu inapokutana na ndimu.

Angalia pia asilimia ya pombe. Ulaya jini haishuki chini ya 37.5, na Marekani haishuki chini ya 40. Jambo hili lina maana kwa sababu mafuta ya juniperi na maganda ya machungwa hukaa ndani ya pombe, na ukitikisa kokteli kwa barafu unaongeza maji ya kama mililita 30 bila kukusudia. Jini dhaifu ikishapata maji hayo, halafu soda juu yake, inabaki juisi yenye uchungu kidogo.

Mpangilio wetu

1. Beefeater. Hii ndiyo ya kuchukua ukiikuta. Imetengenezwa London kwa mimea tisa, na miongoni mwake kuna maganda ya limau na ya chungwa chungu la Seville. Kabla ya kupikwa, mimea huloweshwa ndani ya pombe kwa saa 24, na ndiyo maana ladha ya machungwa haiko juu juu tu. Ukiichanganya na pasheni, limau la ndani ya jini linashikana na ndimu uliyoikamua, kisha juniperi inakuja nyuma na kukausha utamu. Chupa za asilimia 40 zinatosha kabisa. Ukipata yenye nguvu zaidi, punguza kipimo hadi mililita 45.

2. Gilbey's. Kwa watu wengi Afrika Mashariki hii ndiyo jini inayopatikana kila duka, kuanzia robo hadi mzinga wa mililita 750. Haina kina cha Beefeater, lakini ni kavu, na juniperi yake inatosha kwa kinywaji cha matunda. Ukiwa na wageni kumi, nunua hii na fedha iliyobaki itie kwenye pasheni na barafu. Ukweli ni kwamba ndani ya glasi iliyojaa pasheni iliyoiva vizuri, ni wachache watakaoitofautisha na chupa ya bei mara mbili.

3. Gordon's ya kawaida, yenye chupa ya kijani au isiyo na rangi. Jina hili limekuwepo tangu 1769. Juniperi yake iko wazi kuliko ya Gilbey's, lakini chupa nyingi ni za asilimia 37.5, na hilo tu ndilo linaloishusha. Tumia mililita 55 badala ya 50.

4. Tanqueray. Ina mimea minne tu: juniperi, mbegu za giligilani, mzizi wa anjelika na mzizi wa likorisi. Haina ganda la tunda lolote, na juniperi yake ni nzito. Kwa pasheni inagombana kidogo, ila kwa nanasi au embe, matunda yenye utamu mzito, hakuna inayoishinda kwenye orodha hii. Ni kali, hufika hadi asilimia 47.3 kutegemea soko, hivyo mililita 40 zinatosha.

5. Uganda Waragi. Ni laini na inapita kooni bila kukwaruza, lakini juniperi yake ni ya mbali. Iongezee ganda la limau: chuna kipande chembamba bila nyama nyeupe, kikunje juu ya glasi mafuta yaruke, kisha kidumbukize.

6. Bombay Sapphire. Wengi watashangaa kuiona hapa. Mimea yake kumi haichemshwi ndani ya pombe. Mvuke wa pombe hupita kwenye vikapu vya mimea hiyo, ndipo jini ikatoka nyepesi sana. Wepesi huo ni sifa njema ukitumia tikiti maji au tango. Chini ya pasheni unazama, nawe umelipia kitu usichokionja.

7. Konyagi. Inapendwa Tanzania nzima, na kwa soda na ndimu haina ubishi. Kwa kokteli hii shida ni nguvu yake, asilimia 35. Ili upate pombe sawa na mililita 50 za jini ya asilimia 40, unahitaji kama 57, na hapo uwiano wa matunda unayumba. Ukiitumia, punguza soda hadi mililita 50.

8. Jini za rangi ya waridi. Hizi hutiwa ladha za matunda kama stroberi na rasiberi, na nyingi zina sukari. Ladha hiyo haipatani na pasheni. Ukiwa nayo tayari nyumbani, tumia nusu ya shira, na badala ya pasheni weka stroberi mbichi.

Mbili tumeziacha nje ya mpangilio kwa makusudi. Hendrick's hutiwa tango na waridi, na pasheni inavifunika vyote viwili. Procera ya Nairobi hutumia matunda ya mtarakwa, ndugu wa juniperi anayeota kwenye nyanda za juu za Kenya. Ni jini ya kunywa polepole ikiwa na barafu moja kubwa, na kuizamisha kwenye juisi ni hasara.

Ukitaka kulinganisha bei kwa haki, usiangalie chupa, angalia glasi. Mzinga wa 750 unatoa glasi 15 za mililita 50. Gawa bei kwa 15, kisha ongeza bei ya pasheni tatu na ndimu moja. Mara nyingi utaona tofauti ya jini na jini ni ndogo kuliko tofauti ya matunda ya msimu na yasiyo ya msimu.

Kipimo cha glasi moja

Jini mililita 50, maji ya pasheni yaliyochujwa 30 (pasheni mbili hadi tatu), ndimu 15, shira 20, maji ya soda 75.

Shira ipike mapema: sukari gramu 200 na maji mililita 200, moto mdogo, koroga hadi sukari iyeyuke, kisha ipua. Usiiache ichemke muda mrefu, itakuwa nzito na vipimo vitapotea. Ndani ya friji inakaa wiki mbili.

Tia jini, pasheni, ndimu na shira kwenye sheka au chupa ya jamu yenye mfuniko unaobana. Jaza barafu hadi theluthi mbili, tikisa kwa nguvu sekunde 10 hadi 12, mpaka chombo kiume vidole. Chuja kwenye glasi ndefu yenye barafu mpya, mimina soda taratibu, koroga mara moja tu. Majani mawili ya nanaa yakipigwa kofi kiganjani yanatosha juu.

Pasheni ya zambarau, inayolimwa zaidi nyanda za juu, ni tamu kuliko ile ya njano ya sehemu za joto. Ukitumia ya njano, shusha ndimu hadi 10. Ganda lililokunjamana kidogo ni dalili ya kuiva. Lenye kung'aa na kunyooka bado lina uchachu mwingi.

Panapoharibika

Kosa linaloua kokteli hii zaidi ya yote ni kusaga pasheni kwenye blenda. Mbegu zikivunjika zinatoa uchungu na vumbi jeusi. Kamua kwa kijiko kwenye chujio.

Usitikise soda ndani ya chombo kilichofungwa, mfuniko utaruka. Ndimu iliyokamuliwa jana imepoteza harufu. Barafu ndogo iliyoanza kuyeyuka inatia maji kabla haijapoza, kwa hiyo gandisha vipande vikubwa kwenye bakuli, na vifunike, maana barafu hunyonya harufu ya samaki na vitunguu.

Kuhusu soda, maji ya soda ndiyo bora. Krest Bitter Lemon inafaa ukiacha shira kabisa. Stoney Tangawizi inameza kila kitu, na kwinini ya toniki inapigana na uchachu wa pasheni.

Chupa halali

Pombe kali bandia inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na huwezi kuitambua kwa kuonja. Nchini Kenya kagua stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label ya KRA, na Tanzania kwa Hakiki Stempu ya TRA. Kizibo kilichokwishafunguliwa, stempu iliyochanika au bei ya chini kupita kiasi ni sababu ya kuirudisha rafuni.

Jagi la watu wanane

Jini mililita 400, pasheni 240, ndimu 120, shira 160, na maji baridi 240 ya kushika nafasi ya barafu ambayo ingeyeyuka wakati wa kutikisa. Jagi la lita moja na nusu linatosha. Lipoze saa mbili kwenye friji, likoroge kabla ya kumimina kwa sababu pasheni hutuama chini, na soda iwekwe kwenye kila glasi, isiwekwe kamwe ndani ya jagi. Waeleze wageni kwamba glasi moja ina pombe karibu sawa na bia ya Tusker ya mililita 500, ingawa ulimi hausemi hivyo.