Cheti cha kisu kiko kwenye msuka: uzoefu wangu na visu vya kale vya Sheffield

Kisu changu cha kwanza cha kale kilikuwa kinang'aa kama kioo, na mng'ao huo ndio ulioniponza. Nilikiona kwenye mnada wa mtandaoni: mpini wa pembe ya kulungu, mabapa mawili, na maelezo kwamba ni cha kampuni ya visu ya Sheffield, Joseph Rodgers & Sons, zama za Malkia Victoria. Nikatoa pauni 85. Kilipofika nikachukua lenzi nikakiinamia. Muuzaji alikuwa amekipitisha kwenye mashine ya kung'arishia. Herufi zilizopigwa kwenye chuma zilikuwa zimebaki kama maandishi ya kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Kona za noleo, ile pete ya chuma mwanzoni mwa mpini, zilikuwa zimeviringika. Kampuni hiyo ilikuwa na alama mbili, nyota na msalaba wa Malta. Kwangu ilibaki nyota, nayo nusu.

Nilimwandikia muuzaji. Akanijibu kwamba kazi ya kukisafisha ameifanya kwa hisani, hakunidai kitu. Fedha hazikurudi. Kisu bado ninacho, na kila ninapotaka kununua kingine nakitoa kwanza nikakitazama.

Ninaishi kaskazini mwa Uingereza, mwendo wa kama saa moja kwa treni hadi Sheffield, na huu ni mwaka wa nne nanunua visu vya kukunja vya mji huo. Kwa wanaoniuliza kama inafaa: inafaa sana, ila ujifunze kusoma msuka kabla ya kufungua pochi. Msuka ni ile sehemu nene ya bapa isiyo na makali, pale linapoingia kwenye mpini. Fundi alipiga jina lake hapo, na hapo ndipo umri wa kisu unapojulikana.

Ukiona V na R zenye taji katikati, hiyo ni alama ya Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Neno "England" kwa kawaida linakuambia kisu ni cha 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, na Sheffield ilikuwa ikiuza visu vingi mno huko. Ukikuta neno "stainless", hicho si cha Victoria hata muuzaji aape: chuma kisichoshika kutu kilipatikana mjini humo mwaka 1913 kwa kazi ya Harry Brearley. Anwani nayo inasaidia. Visu vingi vya Rodgers vimeandikwa "No. 6 Norfolk Street", na mimi nilisimama kwenye mtaa huo nikiwa na kisu chenye jina lake mfukoni. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Baada ya msuka, tazama kinoo kimekula kiasi gani. Bapa zima lina tumbo. Likinolewa miaka hamsini linakonda, linakuwa kama mwezi mwandamo, na kisu kikifungwa ncha inachungulia nje ya mpini badala ya kulala ndani. Picha nyingi za mtandaoni zinaonyesha kisu kikiwa wazi tu. Mimi huomba picha ya kisu kikiwa kimefungwa, upande wa mgongo na upande wa tumbo. Asiyetaka kuipiga, naachana naye.

Jambo la tatu picha haikuonyeshi, ni la sikio. Kisu cha namna hii hakina kufuli, kinashikwa na springi ya mgongoni. Kikiwa na afya, bapa linapanda taratibu kisha linaalika, tak!, na likikunjwa linaalika tena. Springi iliyochoka hailii. Ndiyo maana ununuzi wangu bora haukutoka mtandaoni, ulitoka kwenye soko la Jumapili, lile ambalo watu huegesha magari uwanjani wakauza vitu kwenye buti. Mzee mmoja alikuwa na kopo la biskuti lililojaa vifungo, funguo na kijiko kimoja. Chini kabisa kulikuwa na kisu cheusi, mpini wa mfupa uliogeuka rangi ya chai. Nikaweka ukucha kwenye ule mchirizi wa bapa, nikakifungua karibu na sikio. Tak! Nikageuza msuka kwenye jua: I*XL, alama ya George Wostenholm, mtengenezaji mwingine wa visu wa Sheffield. Herufi zote zilisimama, kali, kana kwamba zimepigwa asubuhi ile. Weusi wa bapa ulikuwa laini kama wa kikaango cha siku nyingi, bila kutu nyekundu hata chembe. Alitaka pauni 12. Nikampa bila kuomba apunguze, na sijutii.

Weusi huo usiuondoe. Ni chuma kimejivika ngozi yake. Kutu nyekundu ndiyo ya kupigana nayo, kwa mafuta mepesi na sufi ya chuma ile laini kuliko zote, pole pole, bila kugusa msuka. Na mipini ya seluloidi, ile plastiki ya zamani yenye rangi nzuri, isikae kwenye sanduku moja na visu vingine. Ikianza kuoza inatoa mvuke unaotia kutu visu vya jirani.

Kama hutaki kubahatisha umri, nenda kwenye visu vya matunda vya fedha. Ni vidogo, mara nyingi vina mpini wa gamba la chaza, na bapa ni la fedha kwa sababu chuma cha zamani kilikuwa kikigeuka cheusi kwa maji ya tunda. Ofisi ya kupima fedha ya Sheffield ilianzishwa mwaka 1773, na alama zake za zamani ni kama kalenda: simba anayetembea kuthibitisha fedha ya sehemu 925 kwa 1,000, taji la mji wa Sheffield, na herufi ya mwaka. Kikiwa na kichwa cha mfalme au malkia, kodi ililipwa, na desturi hiyo ilikoma 1890. Changu kina kichwa cha Victoria na nimekinunua pauni 38 kwenye duka la vitu vya kale. Nakitumia kumenya chungwa.

Pembe za ndovu sinunui. Sheria ya Uingereza ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, imekataza biashara ya vitu vya pembe hata vya kale, isipokuwa makundi machache yanayosajiliwa. Kitu cha kabla ya 1947 kinahitaji pembe iliyomo isifike asilimia 10 ya ujazo wake, na kisu chenye pembe pande zote mbili kinashindwa hapo. Wako wauzaji wanaoandika "mfupa" ili wapite. Mfupa una vitone na mistari midogo myeusi, mapito ya damu ya mnyama, pembe haina. Na mimi niliyekulia pwani, nikikiona kipini cheupe cha karne ya 19 moyo wangu unakwenda Bagamoyo na Unguja, kwa watu waliobebeshwa pembe hizo kwa miguu kutoka bara. Siwezi kukiweka sandukuni nikakiita pambo.

Kubeba: kisheria hapa unaruhusiwa kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Nikisafiri kwenda Tanga vyangu hukaa kwenye begi la kupakiwa, kamwe si la mkononi.

Anayeanza aende kwanza makumbusho ya Kelham Island, Sheffield. Kuna mkusanyiko wa Ken Hawley, aliyekusanya zana na visu vya mji huo, na zana za kazi zimewekwa pamoja na visu, kwa hiyo unaelewa kwa nini kimoja ni ghali na kingine si ghali. Stan Shaw, fundi aliyefariki 2021 akiwa na miaka 94, alikuwa na karakana humo, akitengeneza kisu kizima kwa mikono yake. Mimi nilitumia saa nzima mbele ya visu vyake nikitafuta mahali mfupa unapokutana na noleo. Ukucha wangu ungepita hapo bila kukwama.